Web of Science, Scopus, Google Scholar au OpenAlex: Chuo Kikuu Kihesabu Wapi Machapisho na Nukuu Zake?

Mwaka wa fedha unapofungwa mwishoni mwa Juni, kurugenzi za utafiti za vyuo vikuu vyetu hutakiwa kujibu maswali mawili yanayoonekana mepesi: chuo kimechapisha makala ngapi, na makala hizo zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine? Anayekabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba chuo kilekile, kwa kipindi kilekile, kinapata majibu manne yanayopishana sana kulingana na kanzidata aliyoifungua. Hakuna kanzidata iliyodanganya. Kila moja imehesabu kile inachokiona, na mipaka ya kuona kwake iliwekwa na walioijenga kwa sababu zao wenyewe.

Ulinganisho huu unamlenga mtu aliyekwama katikati ya kanzidata hizo, awe mkutubi, mratibu wa utafiti wa ndaki, au mhadhiri anayeandaa faili la kupandishwa cheo. Web of Science ndiyo kongwe kuliko zote. Asili yake ni faharasa ya nukuu za sayansi ambayo Eugene Garfield aliiasisi mjini Philadelphia na kuanza kuitoa kwa umma mwaka 1964, na leo inamilikiwa na kampuni ya Clarivate. Scopus ni mali ya Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida wa Uholanzi, na ilizinduliwa Novemba 2004, mwezi uleule ambao Google nayo ilizindua Google Scholar. OpenAlex ndiyo changa. Shirika lisilo la faida la OurResearch liliizindua Januari 2022, mara tu baada ya Microsoft kufunga kanzidata yake ya kitaaluma mwishoni mwa 2021, na jina lake limechukuliwa kutoka kwenye maktaba ya kale ya Aleksandria.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni kazi za aina gani kanzidata inaziona, cha pili ni jinsi inavyomtambua mwandishi na chuo chake, cha tatu ni kiasi gani hesabu yake inaweza kuaminiwa, cha nne ni vipimo inavyotoa, na cha tano ni gharama. Viwili vya mwanzo vinastahili kupewa uzito zaidi kwa chuo cha Afrika Mashariki, kwa sababu huko ndiko tunakopoteza kazi nyingi kabla hata hesabu haijaanza.

Inaona kazi zipi

Web of Science huchagua majarida kwa kutumia wahariri wake yenyewe, wanaolipima kila jarida kwa vigezo 24 vya ubora kisha vinne vya mvuto wa kitaaluma. Tangu mwaka 2015 ina faharasa ya majarida yanayochipukia, ambayo imewafungulia mlango wachapishaji wengi wa nchi zinazoendelea, lakini bado ina wigo mwembamba. Scopus ni pana zaidi. Uchaguzi wake hufanywa na bodi ya watafiti na wakutubi, na miongoni mwa masharti yake ni jarida kutoka kwa wakati, kuwa na maelezo ya maadili ya uchapishaji, kuandika marejeo kwa herufi za Kirumi, na kuweka kichwa na ikisiri ya kila makala kwa Kiingereza. Sharti hilo la mwisho halilifungii nje jarida la Kiswahili, ila linalitaka lijieleze kwa lugha nyingine ndipo lionekane.

Google Scholar haichagui. Roboti zake hupita kwenye tovuti za wachapishaji na hifadhi za vyuo, zikikusanya makala, tasnifu, ripoti, vitabu na mada za makongamano. OpenAlex hukusanya kutoka Crossref, yaani sajili ya namba za DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni), pamoja na hifadhi huria, hivyo jarida lenye DOI huwa limo humo bila mtu kulipigania, na jarida lisilo na DOI liko hatarini kusahauliwa.

Tofauti ya upana imepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Journal of Informetrics, uliopitia nukuu zipatazo milioni 2.4 katika fani 252, ulikuta kwamba Google Scholar ilikuwa na takribani asilimia 95 ya nukuu zilizoonekana Web of Science na asilimia 92 ya zile za Scopus, pamoja na nyingine nyingi ambazo hizo mbili hazikuwa nazo. Pengo lilikuwa kubwa zaidi katika sanaa na sayansi za jamii.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba nukuu haihesabiwi kwa sababu tu kazi yako imo ndani. Ni lazima anayekunukuu naye awemo. Mtu anayeandika kuhusu isimu ya Kiswahili au ushairi wa Lamu na Pemba hunukuliwa hasa na wanaoandika kwa Kiswahili, katika tasnifu za Dodoma na Nairobi, katika majarida ya idara, na katika vitabu vinavyochapishwa nyumbani. Makala yake moja inaweza kuingizwa Scopus, lakini wanaomnukuu wakiwa nje ya Scopus, hesabu yake itabaki karibu na sifuri hata kama kila mwanafunzi wa fani hiyo ameisoma. Kwa mtafiti wa malaria hali ni kinyume kabisa, kwa kuwa wasomaji wake wamo humo karibu wote. Kuwaweka wawili hao kwenye jedwali moja la kanzidata moja ni kumdhulumu mmoja wao, na nasema hivyo bila kusita.

Vitabu navyo vina tatizo lao. Pengine kazi inayojulikana zaidi duniani miongoni mwa zilizochipuka katika mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho alikiandika akiwa mwalimu chuoni hapo na ambacho kilichapishwa London na Dar es Salaam. Ukikitafuta Google Scholar utakuta kimenukuliwa mara maelfu. Web of Science na Scopus zilijengwa juu ya majarida, kwa hiyo kitabu cha namna hiyo hujitokeza zaidi kama jina ndani ya orodha za marejeo za wengine. Web of Science ina utafutaji maalumu wa marejeo yaliyonukuliwa unaoweza kukifichua, lakini mtu asiyeujua utafutaji huo hatakiona.

Inamtambuaje mwandishi na chuo chake

Historia ya vyuo vyetu ina mikunjo ambayo mashine haiijui. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikajitegemea mwaka 1970. Kitivo chake cha kilimo cha Morogoro kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi, zilizokuwa vyuo vishiriki vyake, zikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Sasa fikiria makala ya mwaka 2003 ambayo mwandishi wake aliandika anuani ya chuo kishiriki cha Muhimbili, kisha mkato, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ihesabiwe ya nani?

Scopus hukipa kila chuo namba ya utambulisho na hukiruhusu chuo kuomba marekebisho, yaani kuunganisha majina yaliyotawanyika au kuondoa yasiyo yake. Web of Science ina orodha ya majina yaliyounganishwa na hupokea maombi ya namna hiyo pia. Kazi hiyo inachosha na majibu huchukua muda, lakini ikishafanyika inadumu. OpenAlex huiachia mashine isome anuani na kuifananisha na sajili ya kimataifa ya taasisi iitwayo ROR; mara nyingi hupatia, ila makala kadhaa hubaki bila chuo chochote kwa sababu mchapishaji hakuituma anuani. Google Scholar haina chuo kabisa. Ina wasifu wa mtu mmoja mmoja, uliothibitishwa kwa baruapepe ya chuo, na mhadhiri ambaye hakufungua wasifu ni kama hayupo, ilhali aliyehama miaka mitano iliyopita bila kubadili baruapepe bado anaongeza hesabu ya chuo cha zamani.

Majina ya watu yana shida iyo hiyo. Wengi wetu tuna majina matatu, na la babu hugeuzwa ukoo katika makala moja kisha likaachwa katika nyingine. Wanawake walioolewa huwa na machapisho chini ya majina mawili. Kanzidata tatu kati ya hizi nne husaidiwa sana na namba ya ORCID, utambulisho wa kudumu wa mtafiti mmoja mmoja, iliyoanza kutolewa mwaka 2012 bila malipo, na sijaona sababu yoyote ya mhadhiri wa leo kutokuwa nayo.

Hesabu yake inaaminika kiasi gani

Miaka ya karibuni mzee mmoja, mhadhiri mwandamizi anayeshughulika na magonjwa ya mihogo, alikuja mezani kwangu na karatasi alizochapa kutoka kwenye wasifu wake wa Google Scholar. Alikuwa amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Makala yake moja kuhusu ugonjwa wa batobato ilionekana mara tatu: mara moja kutoka kwenye tovuti ya jarida, mara ya pili kutoka kwenye hifadhi nyingine ikiwa na mwaka uliokosewa, na mara ya tatu kama mstari mtupu uliotokana na mtu aliyeikosea kuiandika katika marejeo yake. Nukuu zilikuwa zimegawanyika katika mafungu matatu. Chini zaidi kulikuwa na makala nne za upasuaji wa mifupa. Akaniuliza, "Mwanangu, na hizi za mifupa ni mimi pia?" Tulikaa saa nzima tukiunganisha na kufuta, na alipoondoka idadi ya makala zake ilikuwa imepungua huku kipimo chake cha h, yaani idadi ya makala ambazo kila moja ina angalau nukuu za idadi hiyohiyo, kikiwa kimepanda.

Huo ndio udhaifu wa Google Scholar: upana wake hauna mlinzi. Mwaka 2012 watafiti wa Granada, Hispania, walithibitisha hilo kwa kupakia nyaraka sita za mwandishi wa kubuni zilizozinukuu kazi zao 129, na Google Scholar ikazipokea zote kama nukuu halali. OpenAlex nayo haina mlinzi wa mlangoni. Tahariri na matangazo huweza kuhesabiwa kama makala, na pale mchapishaji asipoweka wazi orodha ya marejeo, nukuu hupotea. Ubora wake ni kwamba data ziko wazi, hivyo kosa huonekana na mtu yeyote anaweza kuliripoti.

Lakini kuwa na mlinzi si kinga kamili. Majarida ya kitapeli yamewahi kupenya Scopus, na yanapoondolewa, makala zilizokwisha kuingizwa kwa kawaida hubaki. Machi 2023 Web of Science ilitangaza kuondoa majarida zaidi ya 50, likiwamo International Journal of Environmental Research and Public Health, jarida ambalo watafiti wengi wa afya ya jamii walikuwa wamelichapishia kwa nia njema kabisa. Kamati inayosema "tunakubali majarida ya kanzidata fulani tu" inapaswa kusema pia inakubali hali ya tarehe ipi: siku makala ilipotoka, au siku faili linapofunguliwa.

Inatoa vipimo gani

Web of Science inajulikana kwa kipimo cha mvuto wa jarida, ambacho hugawanya nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Scopus ina CiteScore, inayotumia dirisha la miaka minne. Vyote viwili hupima jarida, na Azimio la San Francisco la mwaka 2013 lilionya wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti au makala yake. Kwa chuo kinachotaka kulinganisha fani, kipimo cha maana zaidi ni kile kinachoirekebisha nukuu kwa fani, umri na aina ya kazi, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia. Zana za kulipia za Scopus na Web of Science hukitoa, na OpenAlex nayo imeongeza cha namna hiyo. Google Scholar hutoa kipimo cha h na hesabu ya makala zilizofikisha nukuu 10, basi.

Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kinaeleweka vizuri kwa mfano. Tuseme mhadhiri ana makala sita, na Google Scholar inaonyesha nukuu 25, 14, 9, 6, 5 na 3. Makala tano zina angalau nukuu tano kila moja, kwa hiyo h yake ni 5. Scopus ikiziona nne tu, zenye nukuu 16, 8, 4 na 3, h inashuka hadi 3. Ni mtu yuleyule na kazi zilezile, na ndiyo maana h isiyotajiwa kanzidata haimwambii msomaji kitu.

Wastani nao unahitaji uangalifu. Idara yenye makala 40, ambazo 39 zimenukuliwa mara nne kila moja na moja iliyoandikwa na mamia ya waandishi wa nchi nyingi ikanukuliwa mara 1,200, itatangaza wastani wa 33.9. Hakuna makala hata moja ya idara hiyo iliyo karibu na namba hiyo. Kanzidata yoyote utakayoichagua, omba namba ya kati, yaani ile inayokaa katikati makala zikipangwa kwa idadi ya nukuu, pamoja na wastani, na uulize kama makala ya waandishi mia imehesabiwa nzima au kwa mgawo wa waandishi wake.

Inagharimu nini

Web of Science na Scopus hulipiwa kwa mkataba wa kila mwaka, na bei hujadiliwa na kila taasisi. Kwa Web of Science, kina cha miaka ya nyuma unachokiona hutegemea kifurushi ulichonunua, kwa hiyo vyuo viwili vinaweza kumtafuta mtu mmoja na kupata majibu tofauti. Scopus huacha wazi bila malipo wasifu wa waandishi na vipimo vya majarida. Google Scholar ni bure, ila haitoi njia rasmi ya kupakua data kwa wingi na haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja. Programu ya bure ya Publish or Perish husaidia kwa kazi ndogondogo. OpenAlex ni huria, data zake hazina hakimiliki, na gharama yake halisi ni mtu anayejua kuzichambua.

Nani atumie ipi

Uongozi unaolenga orodha za kimataifa za kupanga vyuo vikuu kwa ubora hauna uhuru mkubwa wa kuchagua. Times Higher Education na QS hutumia Scopus, na ile ya kwanza hutaka chuo kiwe na machapisho yasiyopungua 1,000 ndani ya miaka mitano ndipo kiingie kwenye orodha yake ya dunia. Orodha ya Shanghai hutumia Web of Science. Hapo kazi ya kwanza ni kusafisha jina la chuo katika kanzidata husika kabla ya kumhimiza mtu yeyote kuandika zaidi. Orodha ya Leiden sasa ina toleo huria lililoanza mwaka 2024 kwa data za OpenAlex, na linafaa kufuatiliwa na chuo ambacho hakina fedha za mikataba.

Ndaki ya tiba, sayansi asilia au uhandisi inayotaka kujilinganisha na wenzake wa Makerere au Nairobi itapata picha ya haki kwa Scopus, au kwa Web of Science kama tayari inalipiwa. Kulipia zote mbili kwa ajili ya taarifa ya mwaka peke yake sioni kama ni matumizi mazuri ya fedha za umma.

Chuo kichanga kisicho na bajeti, lakini chenye kijana mmoja wa tehama anayejua kuandika programu, kianze na OpenAlex. Atoe orodha, idara ziipitie jina kwa jina, na mapungufu yarekebishwe. Hata Chuo Kikuu cha Sorbonne cha Paris kilisitisha malipo yake ya Web of Science mwaka 2024 na kugeukia zana huria, kwa hiyo njia hiyo haipaswi kuonewa haya.

Mhadhiri anayeandaa faili la kupanda cheo atumie kanzidata iliyotajwa na mwongozo wa chuo chake. Mwongozo ukinyamaza, aweke namba za Scopus na za Google Scholar bega kwa bega, baada ya kuusafisha wasifu wake, na kando ya kila namba aandike jina la kanzidata na tarehe aliyoifungua.

Idara ya Kiswahili, historia, fasihi au sheria itegemee zaidi Google Scholar, ikikagua nukuu moja moja kwa macho na kuondoa zile za marudio. Juu ya hapo iambatishe ushahidi ambao hakuna kanzidata kati ya hizi nne inayoubeba: tasnifu zisizo mtandaoni zilizotumia kazi hiyo, vyuo vinavyoifundishia, matoleo mangapi ya kitabu yamechapwa, na istilahi zipi zilizopendekezwa humo zimeingia darasani na katika taarifa ya habari.